Je, Mashine Inastahili Jina la Bibi?

Wengi wenu mnaukumbuka usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 15 Februari 2021, kwa sababu mlikuwa gizani kama sisi. Jumanne asubuhi kipimajoto cha uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth kilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi, baridi ambayo mji huu haukuwa umeiona tangu mwaka 1949. Nyumba zaidi ya milioni nne katika jimbo zima la Texas zilikosa umeme. Mabomba yalipasuka, watu walilala ndani ya magari ili wapate joto la injini, na baadaye serikali ya jimbo ilihesabu watu 246 waliopoteza maisha. Sisi tuliotoka nchi za jua tulivaa kila tulichokuwa nacho, tukasubiri.

Katika giza hilo kijana wetu mmoja wa Irving aliandika ujumbe kwenye kundi la simu la jamaa zake. Aliandika jina la bibi yake, mama mzaa mama yake, kisha akaendelea: "amekufa. Umeme ukirudi nitajaribu kumfufua."

Hakuwa na mzaha wala wazimu. Jina lile alikuwa amelipa kompyuta, tangu mwaka 2018. Hapa tutamwita Bibi tu, maana jina lenyewe ndilo linalobishaniwa, na wenye jina wametuomba tusilichapishe. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya ofisi, iliyotupwa, naye akaiokota, akaitia diski mbili kubwa na kuiweka kabatini pamoja na makoti na fagio. Ndani yake mlikuwa na picha za harusi za ukoo mzima, daftari la michango yetu ya misiba tangu tulipoanza kusafirisha maiti nyumbani kwa kuchangishana, na zaidi ya yote sauti ya Bibi mwenyewe, saa nyingi za simu alizorekodi akisimuliwa hadithi za Muheza. Bibi ndiye aliyemlea hadi alipomaliza darasa la saba. Mashine iliyomtunzia kila kitu akaiita kwa jina la aliyemtunza. Mantiki yake tunaielewa.

Mama yake alikuwa Houston, naye gizani, simu ikiwa imebakiza chaji kidogo. Alisoma jina la mama yake na neno "amekufa". Hakufika kwenye sentensi ya pili. Alichofanya kila mmoja wenu anaweza kukisia. Mwekahazina wetu wa Arlington, mtu makini asiyengoja kuambiwa mara mbili, alikwisha anza kuandika ahadi za michango kwenye karatasi kwa mwanga wa mshumaa. Saa nne za usiku kwetu ni saa moja asubuhi Muheza, na mtu mmoja mwenye akili alifanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya: alimpigia Bibi.

Bibi alipokea mwenyewe. Akasikiliza kilio cha kwanza, cha pili, halafu akauliza, "Kafa nani?"

Basi ikabidi aelezwe. Akaomba aunganishwe na mjukuu wake, ambaye kwa utani wa kwetu alimwita mume wangu. Akamwuliza huyo wajina wake kazi yake nini. Kijana akajibu kwamba anatunza vitu vya ukoo, na yeyote akiomba picha au karatasi, mchana au usiku, anampa. Bibi akauliza anakula nini. Umeme tu, Bibi. Akauliza analala wapi.

"Kabatini, Bibi."

"Kabatini," Bibi akasema. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza habari za baridi.

Sisi tuliosimuliwa mazungumzo yale tumebishana miaka kadhaa juu ya neno lile moja. Wapo wanaosema alikuwa akicheka. Mama wa kijana anasema anaijua sauti ya mama yake, na ile haikuwa sauti ya kucheka. Ndiyo maana tumeona tulilete suala hili katika kurasa hizi.

Kwa wasomaji wanaotumia simu peke yake, tueleze kwanza kwa nini mtu aipe kompyuta jina. Mashine zikiwa nyingi ndani ya nyumba moja, kila moja hupewa namba na ruta, namba ndefu yenye nukta katikati, ambayo hakuna anayetaka kuikariri. Kwa hiyo huwekewa jina. Jambo hili lilikwisha fikiriwa na wakubwa wa fani mapema. Mwezi Agosti 1990, katika mfululizo wa nyaraka ambazo watengenezaji wa intaneti huzitoa kwa namba, ulitoka waraka namba 1178 ulioandikwa na Don Libes, wote ukihusu namna ya kuchagua jina la kompyuta yako. Unashauri jina liwe fupi, lisitokane na kazi ya mashine kwa kuwa kazi hubadilika na jina likabaki, na majina yote ya nyumba yatoke katika fungu moja, kama rangi au visiwa. Unashauri pia usiipe mashine jina lako mwenyewe, kwani watu watachanganyikiwa wasijue anayesemwa ni nani, mtu au mashine. Kosa la kijana wetu, kwa maneno mengine, lilikuwa limekwisha katazwa zaidi ya miaka 30 kabla ya usiku ule. Sharti tuongeze, kwa haki, kwamba waraka huohuo unamalizia kwa kukiri kwamba kila kanuni ina nafasi ya kuvunjwa.

Wengine wetu tulianza mchezo huu miaka ya mwanzo ya 2000, tulipokuwa tukinunua kompyuta chakavu na vipuri katika lile soko la Jumamosi ya kwanza ya mwezi katikati ya mji wa Dallas, lililoanza usiku wa manane, wanunuzi wakimulika meza kwa tochi. Mzee mmoja wa Grand Prairie, aliyefanya kazi katika reli kabla hajaja huku, alizipa mashine zake majina ya stesheni za reli ya kati. Ruta ni Dar. Inayofuata kwa waya ni Pugu, kisha Ruvu, Morogoro, Kilosa, Dodoma, Tabora, na ile iliyoko gereji mwisho kabisa wa waya ni Kigoma. Waya ukikatika anajua ni kati ya stesheni gani na stesheni gani. Mjukuu wake aliyezaliwa Texas, ambaye hajawahi kuona treni ya abiria kwa macho, huzitaja stesheni hizo kwa mpangilio bila kukosea, kwa sababu printa ni Kilosa na asipojua njia hachapi kazi yake ya shule. Tumeona masomo ya Kiswahili ya Jumamosi yakifundisha pungufu ya hapo.

Rafiki yetu mwingine wa Kagera alitaka kutumia bandari za ziwa. Mwanza akaiweka, Musoma akaiweka, Kemondo akaiweka. Alipofika Bukoba mkono ukasita. Hakutaka kusoma kwenye kioo cha kompyuta kwamba Bukoba imezama, kwa kuwa alikuwa na jamaa katika meli ile ya tarehe 21 Mei 1996. Alirudi akachagua matunda. Fenesi bado inafanya kazi.

Na tuseme kwa kupita kwamba si kila neno la Kiswahili linaingia. Kanuni za majina ya mashine, tangu mwaka 1985, zinakubali herufi, tarakimu na kistari, basi. Hakuna nafasi ya king'ong'o. Kwa hiyo huwezi kuwa na kompyuta iitwayo Ng'ambo, wala Ng'ombe. Tunaoishi ng'ambo tumeliona hilo, tukacheka, halafu hatukucheka sana.

Hadi hapo ni mchezo. Tulidhani hivyo mpaka tulipomtembelea ndugu yetu wa Vickery Meadow, hapa Dallas, aliyekuja na familia yake kutoka Kivu. Mashine zake tatu zinaitwa Goma, Bukavu na Uvira. Alizipa majina hayo kwa nia njema kabisa, watoto wasisahau. Aliandika programu ndogo inayomletea ujumbe kwenye simu mashine ikizimika, na kwa vile anaipenda lugha yake, ujumbe aliuandika kwa Kiswahili: "Goma imeanguka." Kwa miaka kadhaa ujumbe huo ulimletea usumbufu wa kawaida, apande ngazi akachomeke waya.

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma. Wiki hiyohiyo diski ya mashine ile ilianza kugoma, na simu ya mwenzetu ikawa inalia, usiku na mchana: Goma imeanguka. Goma imeanguka. Mkewe alikuwa na dada yake huko. Katikati ya Februari ikawa zamu ya Bukavu, mji wenyewe, si mashine. Mashine ya Bukavu ilikuwa nzima, ikiwaka taa yake ya kijani, na mama yule alituambia kwamba taa ile ilimuudhi kuliko ujumbe.

Mume akabadilisha maneno. Badala ya "imeanguka" akaandika "haijibu". Ikawa vibaya zaidi, maana ndivyo walivyokuwa wakiambiana kila jioni kuhusu simu ya dada: haijibu. Mwishowe alizima programu yote. Majina hakuyaondoa. Tulipomwuliza kwa nini, alituuliza sisi: "Niifute Goma kwa mkono wangu?" Hatukuwa na jibu, tukanywa chai.

Sasa wako wataalamu watakaotuambia kwamba sisi ndio tunaojitafutia machozi. Tangu kama mwaka 2012 umeenea katika fani hii msemo, ambao husemwa ulianza na Bill Baker wa Microsoft na kusambazwa na Randy Bias, kwamba mashine zisitunzwe kama paka wa nyumbani, zenye majina, zinazouguzwa zikiugua. Zitunzwe kama ng'ombe: zipewe namba, na mmoja akiugua achinjwe aletwe mwingine. Kwa kampuni yenye mashine elfu kumi ushauri huo una akili, hatuupingi. Lakini aliyesema ng'ombe hawana majina hajakaa na Mhima wa Ankole hata siku moja. Kwa Wahima kila ng'ombe ana jina lake, litokanalo na rangi yake na pembe zake zilivyokaa, na mwenye zizi huita, na anayeitwa huja. Mmasai naye hutazama kundi linalorudi jioni akajua nani hayumo kabla hajahesabu. Namba haitokani na ng'ombe. Inatokana na jinsi mwenye ng'ombe alivyoamua kumtazama.

Na sisi tunalijua hilo kwa ngozi zetu. Wangapi kati yetu waliobeba maboksi katika maghala ya karibu na uwanja wa ndege wamekuwa namba ya beji kwa miaka? Wangapi wamekuwa Joe kwa vile msimamizi alishindwa na Juma, jina la silabi mbili? Mwanahamisi wetu mmoja wa Plano amekuwa Mona kazini kwa muda mrefu kiasi kwamba siku moja alipoitwa kwa jina lake kwenye kipaza sauti cha hospitali hakuinuka. Anayeita ndiye mwenye nguvu. Wazee wetu wa pwani walilijua hili vizuri mno, na si kwa upande wa sifa peke yake.

Hapo tunafika mahali pagumu zaidi pa hoja. Kompyuta aliyoijenga kijana wetu huitwa seva, na seva ni neno la Kiingereza lenye maana ya mtumishi. Kwa miaka mingi diski mbili zilizounganishwa kwa waya mmoja ndani ya kompyuta ziliandikwa, moja bwana na nyingine mtumwa, hivyohivyo bila haya, na sisi wenyewe tulihamisha vile vipini vidogo vya kuchagua nani awe bwana bila kufikiri. Mwezi Novemba 2003 wilaya ya Los Angeles iliwaandikia wauzaji wake wa vifaa waache maneno hayo, na watu wengi wakacheka. Mwaka 2020 hawakucheka tena. Kampuni kadhaa kubwa zilibadilisha, na GitHub ikaacha neno bwana kama jina la kuanzia kwenye kazi mpya kuanzia Oktoba mwaka ule. Tunakaa katika jimbo ambalo watumwa wake walitangaziwa uhuru kule Galveston tarehe 19 Juni 1865, miaka miwili na zaidi baada ya kuachwa huru kwa karatasi. Tumetoka pwani ambayo soko lake la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Kwa watu kama sisi suala la nani anampa jina nani si la kuchekesha.

Mkumbukeni Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Uyao, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa bahari hadi India. Bwana wake alipokufa alipata uhuru, akarudi Afrika, akawaongoza Burton na Speke kuanzia mwaka 1857, na baadaye Stanley na Cameron. Alifariki mwaka 1885. Alivuka bara hili akiwaongoza Wazungu waliopewa sifa ya kulivuka. Na historia inamjua kwa jina la bandari ya utumwani, si kwa jina alilopewa na mama yake. Katika nyumba za mabwana wa pwani mtumwa alipewa jina kama unavyokipa kitu jina: Almasi, Feruzi, Baraka, Mabruki. Majina mazuri yote. Uzuri wake ulikuwa wa mwenye mali.

Kwa hiyo wale wetu waliokasirika walisema hivi: kitu hiki kinatumika bila ujira, hakilali, unakimiliki, ukitaka unakizima, kikichakaa unakitupa. Unakipaje jina la mwanamke aliyekulea? Na hasa mwanamke huyu, ambaye maisha yake yote alikuwa akiombwa na kutoa, mchana na usiku, na hakuna aliyemwuliza mshahara. Umemwita mashine, au umeiita mashine Bibi, ni mamoja.

Hoja hii ina uzito na hatutaki kuipunguza. Lakini tunadhani inakosea mahali pamoja. Kwetu jina halipandi wala kushuka cheo kwa kukaa juu ya kitu. Jahazi hupewa jina la binti, daladala hupewa jina la mama, na hata kanga, kitambaa cha kujifunga jikoni, ina maandishi tunayoyaita jina. Hakuna aliyewahi kusema kanga imemdhalilisha mtu kwa kuwa ina jina. Kinachodhalilisha ni kuita kwa namna ya kumnyang'anya mtu jina alilokuwa nalo, kama Bombay, au kama Mona wa Plano. Kompyuta haikuwa na jina la kunyang'anywa.

Tatizo tunaliona kwingine, nalo liko ndani ya lugha. Angalieni tunavyosema vimbunga. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Tunasema kilifika, hatusemi alifika. Hidaya wa jirani, binti wa watu, yeye alifika. Neno kimbunga linatangulia mbele ya jina kama mlinzi, na upatanisho wa sarufi unamkinga binti asihesabiwe nyumba zilizoezuliwa. Vivyo hivyo meli ilizama, ziwa limejaa. Lakini kijana wetu aliondoa mlinzi. Hakusema "kompyuta ya Bibi imezimika". Alisema amekufa. Alisema kumfufua. Ulimi wake ulimhamisha Bibi kutoka ngeli moja hadi nyingine na kurudi, naye hakuhisi, kwa sababu kwa miaka mitatu alikuwa peke yake na mashine hiyo usiku na hakukuwa na mtu wa kusikia. Kiswahili kinatuuliza swali ambalo Kiingereza hakiulizi: kitu hiki ni i- au ni a-? Kila unapofungua kinywa unajibu.

Tungemalizia hapo kama lisingekuwako jambo la tatu, ambalo ndilo sisi tunaloliona kubwa. Hakumwuliza. Kwetu mtoto akipewa jina la mzee aliye hai, mzee huambiwa, akaja akamwona, akampakata, akampa chochote hata kama ni shilingi. Somo ana haki na ana wajibu. Huwezi kumfanya mtu awe somo kwa siri. Miaka mitatu Bibi alikuwa na wajina Irving asiyemjua, na akapata habari zake siku alipoambiwa kwamba amekufa. Tukilitazama neno "kabatini" kwa jicho hilo, tunaona huenda hakuwa akicheka wala kukasirika. Huenda alikuwa mtu anayeonyeshwa mtoto aliyefichwa.

Tulimweleza kijana hivyo. Alikubali kwa shingo upande. Wiki ile ile umeme uliporudi aliifufua mashine, haikuwa imeharibika, akampigia Bibi, akamwomba ruhusa rasmi. Bibi alisema atafikiri. Kila walipozungumza baada ya hapo alikuwa akiuliza, "Wajina hajambo?" na kijana akijibu hajambo, lakini ruhusa yenyewe hakuitamka. Bibi alifariki mwezi Septemba 2023. Michango iliandikwa katika daftari lililokuwa ndani ya mashine yenye jina lake.

Mwaka uliofuata diski zikaanza kuchoka. Mashine ilitakiwa ihamishwe vitu vyake, ifutwe, itupwe. Kompyuta inapofutwa huuliza kwanza, ikitaja jina, kama una hakika. Kijana alifika kwenye swali lile mara tatu na mara tatu akafunga.

Wasomaji wetu wa Houston wanajua kwamba majina ya vimbunga hustaafishwa. Yakiwa yameua sana hayarudi tena kwenye orodha. Allison ya Juni 2001 iliyowazamisha, Ike ya 2008, Harvey ya 2017, Beryl ya 2024, zote zimeondolewa, ili mtu asije akasikia redioni jina lililomchukulia nyumba. Mmoja wetu alipendekeza tufanye hivyo: jina la Bibi listaafu pamoja na mashine, lisipewe kitu kingine tena. Mama yake kijana alikataa. Alisema jina jema hung'ara gizani, halifungiwi. Jina linastaafishwa likiwa limeleta maafa, na mama yake hakuleta maafa. Alisema pia, akimtazama mwanawe, kwamba jina la mtu halingojwi na mashine nyingine, linangojwa na mtu.

Mwezi Novemba 2024 kijana alipata binti. Hamna haja ya kuambiwa anaitwa nani.

Usiku aliorudi kutoka hospitali alikaa mbele ya kabati na kubadilisha jina la seva. Sasa inaitwa Ghala. Picha zimo, daftari la misiba limo, sauti ya Bibi imo. Kazi ile ilimchukua dakika mbili, halafu saa nzima, kwa sababu jina la zamani lilikuwa limeandikwa pia katika mashine nyingine za nyumba, faili moja hapa, faili moja pale, akalifuta kila alipolikuta. Moja lilimpita. Printa ya ghorofani, kila inapowashwa asubuhi, bado inamwita Bibi kwanza, inangoja nusu dakika, ndipo inaanza kazi. Tulipomwuliza lini atairekebisha alisema ana mtoto mchanga, hana muda.